Vijiko Sita vya Chumvi

Kila siku nikitoka shule nilitupa mkoba, nikanywa maji nimesimama, nikatokomea uwanjani. Nyumbani waliniita Kiguu na Njia, na mimi nililichukua kama sifa.

Mwaka huo bibi yangu, mkunga mstaafu, alimaliza kuandika kitabu cha kulea watoto wachanga. Mpiga chapa aliuingiza muswada kwenye kompyuta, akatuletea nakala mbili tuzisahihishe. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi.

"Mjukuu wangu, nisomee kilichochapwa. Ukurasa ukiwa sawa, tia tiki."

Nje wenzangu walikuwa wakinipigia mluzi. Kitabu chenyewe nilikijua kwa moyo, maana Bibi alinisomea kila sura alipokuwa akiiandika. Basi nikakikariri mbiombio kama kasuku aliyemwagiwa maji, macho dirishani.

"Mbona sisikii karatasi zikigeuka?" Bibi akauliza.

"Nazigeuza polepole, Bibi. Zisichanike."

Alipokwenda kunawa, nikatia tiki nyekundu kurasa zote kwa mkupuo. Nikapeleka bahasha kwa mpiga chapa, nikaenda kucheza.

Kesho yake, darasani, nilijalidi daftari kwa karatasi ya nakala iliyobaki. Mwenzangu wa dawati akaisoma: "Mtoto anayeharisha: maji safi lita moja, sukari nusu kijiko kidogo, chumvi vijiko vidogo sita." Akaangua kicheko. "Huyo mtoto anatibiwa au anakaushwa kama samaki?"

Sikucheka. Bibi aliandika sukari vijiko sita, chumvi nusu kijiko! Kengele ya mwisho ilipolia, nilikuwa nimeshafika getini.

Kwa mpiga chapa, mashine ilikuwa inanguruma.

"Mjomba, simamisha!"

"Kwa amri ya nani, bi mdogo? Tiki hizi si zipo?"

"Ni zangu. Ni za uongo. Chumvi imewekwa mahali pa sukari!"

Mpiga chapa akabonyeza kitufe, mashine ikanyamaza. Akatazama rundo la karatasi zilizokwisha kuchapwa. "Hizi ni za jalalani. Kosa la chumvi ni langu, nami nitamwomba radhi. La tiki kamwambie mwenyewe. Sina ulimi wa kukuazima."

Nyumbani, Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Jana masikio yangu yaliniambia," akasema. "Nikayakemea, nikakuamini wewe. Sikia, mama atakayefungua ukurasa ule atakuwa na mtoto aliyelegea mikononi, na hana wa kumuuliza. Atauliza kitabu. Ukitia alama kwenye kazi, umetoa neno lako kwa mtu usiyemjua. Mtu huyo ndiye wa kuogopa kumdanganya, maana hawezi kukukamata."

Tukaanza upya ukurasa wa kwanza, kidole changu chini ya kila neno. Tulipata makosa mengine kumi na moja. Nje mluzi ukalia. Miguu ikaniwasha.

"Bibi, je, naweza..."

"Geuza ukurasa."

Nikaugeuza kwa kishindo, asikie.