Mistari ya Chaki na Meno ya Mheshimiwa

Nyumbani kwa fundi seremala hakuna aliyehitaji saa ya kengele. Randa ya baba ilianza kukwaruza mbao jua likiwa bado linajinyoosha, msumeno ukaitikia, na hata mwenye usingizi wa pono aliamka, akitaka asitake. Wakati huo mama alikuwa ameshaondoka. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na jioni alirudi na mfuko wa vipande vya pembeni, vilivyopinda kiasi kwamba hakuna mteja ambaye angevitazama mara mbili.

Mlangoni mwa karakana palitundikwa ubao mweusi. Baba alikuwa na utaratibu wake: kazi ikiisha, inapigiwa mstari wa chaki. Kiti kimekwisha, mstari. Mlango umepakwa rangi, mstari. Watoto nao walikuwa na safu zao. Kaka, aliyekuwa kidato cha pili, alipiga mstari akishafagia maranda yaliyojikunja sakafuni kama nywele. Dada yake wa miaka kumi na mmoja alipiga wake akishamkatia sungura majani.

"Nikiona mstari," baba alizoea kusema, "mimi siulizi tena."

Msichana huyo walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Sungura wake, mweupe mwenye sikio moja jeusi, aliitwa Mheshimiwa. Jina lilimkaa sawasawa: alikuwa na kitambi, hakufanya kazi yoyote, na chakula kilipoletwa alikitazama kwanza kana kwamba anangoja hotuba ya kumkaribisha mezani.

Majani yake yaliota kando ya mfereji, mwendo wa dakika kumi, na asubuhi yalijaa umande wa kugandisha vidole. Siku moja Chiriku alichelewa kuamka. Akachukua kipande cha mkate kutoka kwenye mfuko wa mama, akakitia kibandani, na alipopita mlangoni akapiga mstari. Mheshimiwa aliumaliza mkate kufumba na kufumbua. Kesho yake Chiriku hakuchelewa, lakini mkate ulikuwa karibu na mfereji ulikuwa mbali. Wiki tano zikapita hivyo. Mundu ukaota kutu nyuma ya mlango, huku mistari ubaoni imejipanga wima kama askari gwaride.

Kisha ikafika Jumatatu ambayo Mheshimiwa aliunusa mkate, akautia mdomoni na kuuangusha. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mate. Chiriku aliporudi kutoka shuleni alikuta mkate pale pale, umekauka.

"Mheshimiwa amegoma," kaka alisema. "Anataka posho iongezwe."

Chiriku hakucheka.

"Makubwa haya! Chiriku leo umemeza kufuli?"

"Kaka, niache."

Jumanne sungura alijikunyata pembeni, masikio yamelala, macho nusu yamefumba. Alipoitwa hakugeuka. Baba alimtazama, akatikisa kichwa. Bahati nzuri, mchana huo daktari wa mifugo alikuja kuangalia kabati la dawa alilomwagiza baba limefikia wapi. Alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na buti zilizojua matope ya mazizi yote ya mtaani.

"Shikamoo, daktari," Chiriku alisema, sungura mikononi.

"Marahaba, mwanangu. Ehe, mgonjwa ni huyu?" Akampapasa tumbo, akamsikiliza kwa kifaa chake. "Anakula nini kila siku?"

Chiriku alifungua mdomo, lakini baba alimtangulia, kifua mbele.

"Majani, daktari! Kila siku ya Mungu. Tazama ubao ule, huyu binti hajaruka hata siku moja."

Daktari aliutazama ubao, akamtazama Chiriku. "Ni kweli?"

"Ndiyo," Chiriku alisema. Maishani mwake hakuwahi kutoa jibu fupi kama hilo.

"Basi meno siyatilii shaka. Anayetafuna majani kila siku, meno yake hayana neno. Nadhani majani yenyewe yamemjaza gesi." Akatoa kichupa. "Mpe dawa hii, na leo msimpe majani kabisa. Mpeni kitu laini. Ila ikifika saa kumi na moja hajala, mleteni mbio kabla sijafunga. Sungura si ngamia, hana akiba. Akikaa bila kula, anakufa."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Chiriku masikioni na likakataa kutoka.

Alimpa dawa. Akalowesha mkate kwenye maji, akamsogezea. Mheshimiwa aligeuza uso. Akamsogezea tena, akiusukuma kwa kidole. Sungura akafumba macho. Chini ya manyoya, moyo wake ulidunda haraka haraka. Chiriku aliketi kando ya kibanda akawaza. Daktari amekataza majani kwa mnyama ambaye hajaonja jani kwa wiki tano! Dawa ile ilikuwa ya sungura wa ubaoni. Huyu wa kibandani alikuwa hajatibiwa bado.

Alisimama, akaenda hadi penye meza ya baba.

"Baba."

Randa iliendelea kukwaruza.

"Baba, naomba usimame kidogo. Ile mistari yangu ni ya uongo."

Randa ikanyamaza.

"Mingapi?" baba aliuliza.

"Ile mitano ya juu ndiyo ya kweli. Iliyobaki nilimpa mkate."

Chiriku alitamani afokewe yaishe. Lakini baba alipachika penseli sikioni, akamwaga misumari kutoka kwenye sanduku dogo na kulitandika maranda.

"Mtie humu, twende," alisema. "Mengine tutayakuta hapa hapa."

Daktari alikuwa ameshika funguo walipofika. Chiriku hakumngoja baba aseme.

"Daktari, nilikudanganya. Alikuwa anakula mkate tu, tangu mwezi uliopita. Majani simkatii."

"Mkate laini?"

"Laini."

Daktari aliweka funguo mezani na kuvaa glavu. Alimdunga Mheshimiwa sindano ya usingizi, na alipolala akampanua mdomo kwa kibanio kidogo na kumulika ndani kwa tochi.

"Njoo uone. Huku nyuma kabisa."

Chiriku alichungulia. Gego moja lilikuwa limeota ncha kali kama mwiba, na ubavuni mwa ulimi palikuwa na kidonda chekundu.

"Meno ya sungura hayaachi kuota," daktari alisema. "Majani magumu ndiyo yanayoyasaga. Akila laini tupu, yanarefuka, yanachongoka, yanamchoma."

"Kumbe majani ndiyo msasa wake," baba alisema.

"Hasa, fundi."

Alichukua tupa nyembamba akasaga ile ncha pole pole, krr, krr, mpaka ikawa butu. Baba alifuatilia kazi ile kwa jicho la kitaalamu. Ungedhani muda wowote atamwomba amwachie upande wa pili.

Mheshimiwa aliamka akipepesuka. Daktari alimlisha uji kidogo wa majani yaliyosagwa, kisha akamwekea jani moja refu mbele ya pua. Wote wakangoja. Pua ilicheza. Ncha ya jani ikaingia mdomoni, ikafuata shina, taratibu, kama uzi unaovutwa na cherehani, na kikasikika kisauti cha kutafuna: kru, kru, kru.

Chiriku alijifuta macho kwa mkono wa sweta.

"Sikiliza, mwanangu," daktari alisema. "Mgonjwa wangu hana maneno. Anasema kupitia kinywa chako. Ukinidanganya wewe, natibu ugonjwa asio nao, na ule alio nao unabaki kumla. Kusema ukweli kumekutia aibu kidogo, lakini ndiko kulikolipeleka jani lile mdomoni mwake."

Walipofika nyumbani, baba alimpa kitambaa kibichi. Chiriku alifuta mistari yote, mpaka ikabaki mitano.

"Safu yako imeota upara," kaka alisema, akamsukuma bega kidogo.

"Mstari ni mzuri kwa sababu nyuma yake kuna kazi," baba alisema. "Bila kazi ni vumbi la chaki tu. Mimi na daktari tuliliamini vumbi. Tumbo la Mheshimiwa halikuliamini."

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mundu huo uko nyuma ya mlango. Anza kwa kuunoa."

Asubuhi iliyofuata Chiriku alirudi kutoka mferejini na fungu la majani, viatu vimelowa chepechepe, mdomo umerudi kazini: alimsimulia Mheshimiwa habari za umande, za chura aliyemrukia, na za kutu iliyotoka kwenye mundu. Kisha akachuchumaa na kutulia.

"Chiriku!" baba aliita kutoka karakana. "Majani naona umeleta. Mbona mstari hujapiga?"

"Bado, baba," alijibu bila kugeuka. "Ngoja kwanza atafune."