Dang'a ya Gaju

Kila asubuhi Munezero alikagua mikono ya watu. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipotapika moto na familia yake kukimbia kutoka mtaa wao wa Katoyi, mjini Goma, wakapokewa na shangazi huko Lac Vert, yeye ndiye aliyetia klorini katika bidoni za maji, kisha akasimama mlangoni kama askari wa mpaka. Mwalimu wa mwaka wa sita alikuwa amewafundisha kwamba kolera huletwa na mikrobe, na Munezero aliichukia mikrobe kuliko waasi. Kuku walisalimika kwa sababu hawana mikono.

"Onyesha kucha," alimwambia Aubin, binamu yake wa miaka saba, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Nilinawa jana, yaya!"

"Basi na chakula ulikula jana."

Asubuhi hiyo Gaju alizaa. Ndiye ng'ombe pekee aliyebaki. Wengine walichukuliwa na waasi kule Kalengera kabla familia haijahamia mjini. Baba yake Munezero, Papa Habumugisha, alimpangusa ndama, jike mwenye paji jeupe, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mlima ulipuke.

"Munezero, miye naenda Katoyi kuangalia kama nyumba ingali imesimama. Huyu mutoto anyonye sasa hivi, umuhondo wote anaotaka. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa."

Umuhondo ni jina la nyumbani la dang'a, yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano. Munezero alikitazama kiwele cha Gaju. Kilikuwa na tope, majivu, na kitu kingine ambacho hakikuwa tope. Hapo ndipo mtoto mchanga aweke mdomo? Haiwezekani! Akamfunga ndama mbali na mama yake, akakamua dang'a kwenye sufuria, akaichemsha ili kuua mikrobe zote.

Lakini dang'a ikichemka haibaki maziwa. Iliganda kama mayai ya kukaanga, ikakataa kupita kwenye mdomo wa chupa. Nayo ilinukia vizuri mno. Munezero akaonja ili isipotee bure. Akaonja tena ili awe na hakika. Aubin alipotokea, sufuria ilikuwa imebaki kuta tupu. Akapewa kijiko alambe. Ndama akanyweshwa chupa ya maji ya klorini, safi kabisa.

Papa aliporudi jioni, ndama alikuwa amelala ubavu, masikio baridi, anaharisha majimaji.

"Alinyonya?"

"Sana, Papa." Uso ulimchoma. "Labda… labda Aubin alimlisha kitu."

Papa hakupiga kelele. "Aubin, usikaribie tena ng'ombe yangu," alisema, kisha akampigia simu dokta Katungu, mganga wa mifugo.

Munezero alitamani ardhi ipasuke immeze. Wiki hiyo ardhi ya Goma ilikuwa ikipasuka bila kuombwa, lakini sasa alipoihitaji ilitulia tuli.

Dokta Katungu alifika kwa pikipiki, akampapasa ndama tumbo. "Kama alinyonya vizuri, huenda ni maziwa ya mama yake yana ugonjwa. Musimupe tena mpaka kesho."

Nyuma ya boma la mawe Munezero akasikia kilio kidogo. Aubin alikuwa amechungulia katikati ya mawe, akimnong'oneza ndama: "Unisamehe, katoto. Nililamba kijiko chako. Sikujua ni chakula yako. Usikufe."

Munezero akamgeukia dokta. Maskini, Aubin alidhani ni yeye aliyemdhuru ndama!

"Mama dokta, hakunyonya hata tone!" alipaza sauti. Akasema yote: kamba, sufuria, klorini. Alipofika kwenye kula, macho yakashuka hadi kwenye vidole vya miguu.

"Alizaliwa asubuhi ya leo?" dokta akaruka. "Basi mlango wa tumbo lake, unaopitisha kinga ya dang'a, haujafungwa wote. Muoshe kiwele kwa maji ya vuguvugu, mukamue haraka. Na asichemshe mutu!"

Gaju bado alikuwa na dang'a. Ndama alimeza kwa shida, halafu akaanza kuivuta chupa kwa nguvu.

"Sikiliza," dokta alimwambia Munezero. "Tumbo la ndama mchanga ni kiwanja kitupu. Anayefika wa kwanza ndiye anayejenga. Dang'a inaleta walinzi, tena inalisha mikrobe nzuri, zile zitakazomsaidia kusaga chakula. Ukichelewa, mbaya zinakalia kiwanja, na kuzitoa ni vita. Klorini uendelee kuwatilia watu, kolera si mchezo. Ila si kila mikrobe ni adui."

Munezero akamwendea Aubin mbele ya wote. "Nilikusingizia. Unisamehe."

Aubin akapangusa kamasi. "Nimekusamehe, yaya. Lakini ulikula yote peke yako!"

Shangazi alicheka. Munezero hakuweza.

Baada ya siku chache za kunyonya na kunyweshwa maji ya chumvi na sukari, ndama alisimama, akampiga Munezero kichwa cha tumbo. Papa akamketisha binti yake kando.

"Mwanangu, kutojua kwako kulimlaza chini huyu mutoto. Hilo halinikasirishi, hata miye yapo mengi nisiyojua. Lakini uongo wako ulimfunga dokta macho, na ndio ungemuua. Siku nyingine ukikosea, njoo haraka useme, hata kama unaona haya. Haya itapita, ndama akifa harudi."

"Ndiyo, Papa," alijibu Munezero, na safari hii alimtazama usoni.