Uso wa Bibi Arusi

Winnie alikwenda Magu kuchukua picha, hakwenda kutafuta balaa. Jua lilikuwa linazama, basi la mwisho la kurudi Mwanza lilikuwa bado halijapita, na kamera yake ilining'inia begani. Alikuwa anatengeneza filamu ya ukoo wake, kwa sababu tangu azaliwe aliambiwa hafanani na mtu. Si baba, si mama, si shangazi. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, hajui pua yake kaitoa wapi!

Mzee Ndalahwa, mdogo wa marehemu babu yake, akamletea kopo la biskuti lililojaa picha za zamani.

"Piga haraka uende," alisema.

Winnie akazipanga kwenye mkeka. Kipaimara. Mavuno ya pamba. Arusi ya babu. Na katika kila picha, mwanamke mmoja hana uso. Umekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikabaki nyeupe.

Hata bibi arusi.

"Huyu si ndiye bibi yangu? Mliyesema hakuacha picha? Jina lake nani?"

"Hana jina."

"Aliolewa bila jina?"

"Mjukuu wangu, una mdomo kama..."

"Kama nani, babu?"

Nyumba ile ilipikia gesi. Lakini hapo hapo ikaja harufu... Moshi wa mavi ya ng'ombe. Moshi ule ule uliowaunguza macho wanawake wa zamani, miaka nenda rudi, wakipika, mpaka yakawa mekundu. Halafu wanaume walioshiba ugali huo huo wakafuta midomo, wakasema macho mekundu ni ya mchawi.

Winnie akashusha kamera juu ya picha ya arusi.

Kwenye kioo cha kamera, bibi arusi alikuwa na uso.

Akatazama karatasi. Haupo. Akatazama kioo. Upo. Pua ya Winnie. Kidevu cha Winnie. Macho mekundu kama makaa.

"Zima," mzee akanong'ona. "Zima kidude hicho, mama."

"Jina kwanza."

Kwaruu...

Sauti ilitoka ndani ya kopo. Kopo lilikuwa tupu.

"Wembe nilishika mimi," mzee akasema. "Lakini ukoo ndio ulinituma. Walisema tukimwacha na uso atarudi."

"Arudi kutoka wapi? Mlimpeleka wapi?"

Mzee akalisukuma kopo mbali kwa mguu.

Kwaruu... kwaruu...

"Jina, babu!"

"Minza! Anaitwa Minza!"

Winnie akapiga goti, kama alivyofundishwa utotoni kuwasalimia wakubwa.

"Shikamoo, bibi Minza."

Kukwaruza kukakoma.

"Marahaba."

Nyuma yake. Karibu na sikio.

Miguu ilitaka kukimbia, akaikatalia. Kamera hakuizima. Alipogeuka hapakuwa na mtu, na mzee alikuwa amejifunika uso kwa viganja viwili. Kwenye picha ya arusi, kijana aliyesimama kando ya bibi arusi, Ndalahwa mwenyewe, alikuwa mweupe shingo kwenda juu. Vumbi la karatasi bado lilikuwa juu yake.

"Picha hizi naondoka nazo," Winnie akasema. Akaondoka nazo.

Filamu aliionyesha nyumbani kwake Mkolani, jijini Mwanza, kwenye shuka uani, ukoo mzima umekaa. Uso wa Minza ukajaa shuka lote. Shangazi Teodora akashika mdomo. "Jamani, Winnie ni mama yangu mtupu!" Wazee watatu wakainuka, wakatoka wamevuta kofia mpaka puani.

Kamera ilionaje kisichokuwepo kwenye karatasi? Mafundi wamejaribu kueleza, wameishia kukohoa.

Uso ule Winnie ameuchapisha mkubwa, ameutundika sebuleni. Jioni moshi unanuka, naye anasalimia, anaendelea na kazi zake. Wazee wakatuma ujumbe auondoe, ni mkosi.

"Njooni muukwangue wenyewe," akawajibu. "Wembe unauzwa hapo dukani kwa jirani."

Huu ni mwezi wa saba tangu awajibu. Hajaja mtu.