Gitaa la Baba na Mzungu wa Kubuni

"Kanze, mnazi huu tunywe au tusinywe?"

Shangazi Zipporah aliniuliza mara ya pili, na mimi bado nimesimama kando ya mkeka kama sina ulimi. Kwetu Wagiriama, wageni wakileta kadzama, ule mtungi wa mnazi wa posa, baba mtu haonji hata tone mpaka binti mwenyewe aseme. Nikisema "kunyweni," nimeolewa. Nikisema "rudini nao," wageni wanabeba mtungi wao na aibu yao. Na mchumba mwenyewe, Mwaringa, mtangazaji wa redio, alikuwa amekaa sebuleni kwetu hapa Gede na miwani ya jua machoni. Ndani ya nyumba, jamani! Anajikinga na jua lipi?

"Kabla sijajibu, nina swali kwa Mwaringa," nikasema.

"Uliza, mwanangu," akajibu Mzee Mwambire, ami yake, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa wageni.

"Mwaringa, Jumamosi iliyopita ulipiga kanda gani redioni?"

Akatabasamu. Huyu mtu ukimtajia redio anatabasamu hata matangani.

"Si ile kopi ya Santana? Kanze, watu arubaini na mmoja walipiga simu! Kilifi, Mtwapa, mpaka Lamu. Mmoja akasema solo ile inampita Clapton."

"Na uliwaambia nani amepiga hilo gitaa?"

Miwani ikavuliwa.

Niwaambie ukweli, mapenzi yetu ya miaka mitatu yalikuwa ni ubishi mtupu. Mpiga gitaa wake ni Hendrix, wangu ni Santana. Asubuhi sijanawa uso, ujumbe umeingia: "Umeamka? Hendrix bado mfalme." Namjibu: "Mfalme wa kelele. Kanywe chai." Nilimpenda, sisemi uongo. Lakini alikuwa na dharau moja iliyonikaa kooni. Bendi za hoteli alikuwa hataki hata kuzisikia. "Kasuku wa watalii," alizoea kuziita. "Mtu akiishi kwa kupiga kopi za nyimbo za wenzake, huyo si mpiga gitaa, ni fotokopi."

Na babangu, Mzee Dena, alipiga solo katika hoteli moja ya Watamu miaka kumi na tisa. Hoteli ilipofungwa akarudi kulima mihogo. Kilichobaki ni kanda moja tu, Baba akipiga Santana. Nikampa Mwaringa ile kanda, nikamwomba kitu kimoja: "Ipige, kisha useme jina lake. Dena wa Gede. Basi." Akaniapia.

Jumamosi hiyo Baba alioga mapema, akavaa shati la pasi, kwa ajili ya kukaa mbele ya redio! Majirani wakaalikwa. Mmoja wao, Mramba, alikuja na kiti chake kutoka nyumbani. Ndipo sauti ya Mwaringa ikatoka: "Wasikilizaji, leo nina kanda adimu kutoka Uingereza. Solo ni ya bwana mmoja wa Liverpool."

Baba alisikiliza vidole vyake mwenyewe mpaka mwisho. Halafu akawaambia majirani, "Kumbe siyo. Yangu labda wataipiga wiki ijayo." Mramba akachukua kiti chake akaenda.

Dakika tano baadaye ujumbe wa Mwaringa ukaingia: "Mpenzi, simu 41! Nimekuletea sifa!" Sikujibu. Nilitaka nimsikie akiyasema mwenyewe mbele ya watu wake.

"Eti, Mwaringa? Nani alipiga?" nikamuuliza tena pale sebuleni.

"Nilisema ni Mwingereza," akajibu, na wala hakuona haya. "Lakini ile ni mbinu ya kazi, Kanze. Ningesema ni Mzee Dena wa Gede, mkulima wa mihogo, nani angepiga simu?"

Baba akainamisha kichwa. Mzee Mwambire akamgeukia Mwaringa polepole.

"Unataka kuniambia gitaa lile la redioni ni la mzee huyu?"

"Ni lake, ami, lakini..."

"Nilibeba mizigo ya wageni hoteli yake ile ya Watamu miaka saba! Wazungu walikuwa wakiacha chakula kipoe wakimsikiliza! Na huyo Mwingereza wako ni nani? Ana jina?"

"Hana, ami. Nilimbuni tu."

"Makubwa haya!" Shangazi akapiga makofi. "Mzungu wa kubuni ana heshima kuliko baba mkwe aliye hai!"

Baba ndiye aliyenimaliza. Alisema kwa upole, "Kanze, usivunje nyumba yako kwa ajili yangu. Ni gitaa tu, mwanangu. Nimeshazoea."

Nimeshazoea!

"Jumamosi ijayo nitarekebisha," Mwaringa akasema.

"Jumamosi ya nini? Simu si hiyo mkononi? Una wafuasi elfu tisa kwenye ukurasa wako. Waandikie sasa hivi kwamba gitaa lile ni la Dena wa Gede, na wewe uliwadanganya. Ukiandika hivyo, wazee wanakunywa."

Akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Nikamnyang'anya simu nikasoma kwa sauti: "Wapenzi wa roki, kulitokea hitilafu ndogo. Gitaa lile inasemekana ni la mzee mmoja wa huku kwetu. Ila tukubaliane, kopi ni kopi."

"Inasemekana?" nikauliza. "Umekaa kwenye mkeka wake, unamtaka binti yake, na bado inasemekana?"

"Kanze, nielewe. Wasikilizaji wataniona mimi mshamba."

"Ahaa! Kumbe aibu unaijua."

Shangazi akashusha pumzi. "Mwanangu, ni mara ya mwisho nakuuliza. Tunywe?"

"Tusinywe. Mniwie radhi, wazee wangu. Mnazi wenu hauna kosa. Ila mkikutana na watu njiani, waambieni umetoka Liverpool, watausifu sana."

Mzee Mwambire hakubisha. Alimpa Baba mkono, mikono yote miwili, akaubeba mtungi mwenyewe. Mlangoni akamwambia Mwaringa, "Wewe tembea nyuma. Tena mbali."

Niliingia jikoni nikalia. Miaka mitatu si mchezo, na nilikuwa nampenda mtu yule. Simu ikalia, ni Mwaringa.

"Kweli unaniacha kwa sababu ya gitaa?"

Nikajifuta macho na pindo la leso, nikamjibu: "Gitaa ulilipenda. Ni babangu uliyemwonea haya."

Kisha nikaifungia namba yake.