Moto wa Ilomero

Zamani, kabla misafara ya watu wa pwani haijaingia nchi ya miombo, na kabla mlio wa bunduki haujasikika huko, utemi wa Bugonzi ulikuwa na nchi saba chini yake. Sita zilitwaliwa kwa mkuki. Ya saba, Ilomero, nchi ya wafua chuma, iliingia kwa hiari yake siku za babu yake Mtemi Kaswende. Masharti yalitamkwa mbele ya watu wote. Ilomero wangetoa majembe kila mavuno. Wangetoa wapiganaji vita ikija. Na kila mwaka, kabla ya kupanda, wangezima moto wa nyumba zao zote na kupokea moto mpya kutoka ikulu. Mtemi naye aliapa jambo moja tu: kwamba mwanangwa wa Ilomero, yaani mtawala wa nchi ile chini yake, watamchagua wenyewe.

Mwenye kupokea moto wa Mtemi alikuwa mtu wa Mtemi. Mwenye kuwasha moto wake mwenyewe alikuwa amejitenga, na aliyejitenga alifuatwa na mikuki.

Mambo yalikwenda hivyo miaka mingi. Kisha Kaswende akajenga ikulu mpya, akaagiza watu mia kutoka kila nchi waje kusimika boma la magogo. Watu wa Ilomero hawakuja. Mwanangwa wao, mama mtu mzima aliyeitwa Nyanzobe, alituma neno kwamba homa imelaza nusu ya nchi, na kwamba watakuja wakipona. Ikulu hawakumwamini. Mtemi akamvua uongozi hapohapo barazani, akamweka shemeji yake, Mbasa.

"Kuna mwenye neno?" Mtemi aliuliza siku ile.

Kwenye kigoda cha tatu kutoka kwake alikaa mzee Nkingwa, mtunza moto wa ikulu. Baba yake Nkingwa alikuwapo kiapo kilipoapwa, na yeye alikijua neno kwa neno. Lakini jua lilikuwa kali, na hasira ya Mtemi haikuwa kitu cha kuchezea. Nkingwa alitazama miguu yake. Akanyamaza.

Ilomero hawakumpiga Mbasa wala hawakumfukuza kwa mawe. Walimwacha tu. Hakuna aliyeleta kesi mbele yake. Hakuna aliyepita mlangoni pake. Alikula na walinzi wake, akalala, akaamka, akala tena na walinzi wake. Mwezi wa tatu wazee walikuja, wakamwinua akiwa juu ya kiti chake, wakamfungia maboga mawili na kibuyu cha asali, wakambeba hadi mpakani. Walimtua kwa upole na kumtakia safari njema.

"Hata matusi hawakunitukana," Mbasa alilalamika barazani. Alikuwa mtu mnene, mwenye moyo mwepesi, na jambo lile lilikuwa limemuumiza kweli. "Yule mama aliniuliza kama kivuli kinanitosha!"

Shigela, mkuu wa wapiganaji, alisimama. Manyoya ya mbuni yalitikisika kichwani pake. "Nipe mikuki mia nne, Mtemi. Nikirudi, Ilomero watakuwa wamejifunza kutukana."

Baadhi ya watu walicheka. Mtemi hakucheka. Alikuwa bado kijana, na aliwaogopa watemi wa jirani waliokuwa wakitazama kama mkono wake ni imara.

"Msimu wa moto umefika," alisema. "Nkingwa atapeleka moto kama desturi. Mbasa atafuatana naye, arudi kwenye kiti chake. Shigela atakaa na mikuki juu ya kilima cha Ngwala, mahali anapoiona Ilomero yote. Siku ya saba, jua likifika utosini, moshi uwe unatoka katika kila nyumba. Ukitoka, wamepokea moto wangu, ni watu wangu. Usipotoka, Shigela, shuka."

Asubuhi Nkingwa alichukua chungu cha moto. Kilikuwa chungu kinene cheusi, kimejazwa majivu laini, na ndani ya majivu makaa ya mninga yaliyolala kama yai katika kiota. Alifunga mgolole wake begani, akapiga magoti. "Liwelelo, Mungu uliyeumba jua na sisi," aliomba, "nifikishe. Wale watu wana haki, na mimi nilinyamaza. Usiwaadhibu kwa ukimya wangu."

Walitembea siku tano katika miombo. Chungu hakikuruhusiwa kugusa ardhi, kwa hiyo Nkingwa alipopumzika alikipakata. Mbasa alitembea nyuma yake akisimulia vyakula. Siku ya nne alianza kusimulia mambo mengine.

"Unajua, mzee, homa ile ilikuwa ya kweli. Niliyaona makaburi. Mapya mengi."

Nkingwa alisimama. "Na hukumwambia Mtemi?"

"Alikuwa amekwisha kasirika. Wewe ungemwambia?"

Nkingwa alikumbatia chungu, akaanza tena kutembea.

Siku ya sita, mchana, walifika mto Msele. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha milimani, na maji yalikuwa mekundu, yanafika kifuani. Ng'ambo ya pili ilikuwa Ilomero.

"Nishike mkono, ndugu yangu," alisema Mbasa. "Mawe haya yanateleza."

"Mikono yangu yote miwili imeshika chungu. Egemea mkuki wako."

Katikati ya mto jiwe lilizunguka chini ya mguu wa Mbasa. Mtu anayezama hachagui anachokishika, naye alishika bega la Nkingwa. Wote wawili walikwenda chini. Nkingwa alinyanyua chungu juu ya kichwa chake mpaka kifua chake kikajaa maji, lakini wimbi moja lilipita juu ya mikono yake pia. Walipotambaa hadi ukingoni, alifukua majivu kwa vidole. Yalikuwa uji wa kijivu. Kila kaa lilikuwa jeusi.

Mbasa alilia kama mtoto. Kisha akapangusa uso. "Sikiliza. Tupekeche moto hapahapa. Nina vijiti vikavu kwenye mkoba wa ngozi. Moto ni moto. Nani atajua?"

Nkingwa aliinua macho. Kilima cha Ngwala kilionekana vizuri kutoka pale. Mikuki iliyokwisha kufika juu ilimetameta kama nyasi baada ya mvua.

"Wewe utajua, nami nitajua," alisema. "Watu hawa wamekwisha kudanganywa mara moja, nami nilikuwa nimekaa palepale, nimefunga mdomo. Twende."

Siku ya saba, jua likiwa bado chini, walifika kijiji cha Ilomero, na Nkingwa alishangaa. Hakuna nyumba iliyokuwa ikitoa moshi. Mafiga yalikuwa yamefagiliwa, yamepakwa udongo mweupe. Akina mama walikuwa wakiwalisha watoto unga uliolowekwa katika maji baridi. Watu walikuwa wamejipanga njiani, wamevaa ngozi zao nzuri. Mahali pamoja tu palikuwa na moto. Ng'ambo ya kijiji tanuri la chuma lilikuwa likinguruma, na vijana walikuwa wakikanyaga mivukuto. Kiapo cha mababu kililiacha tanuri kando, kwa sababu likizimwa katikati ya kazi chuma huharibika. Lakini moto wake ulikuwa wa chuma tu. Hakuna aliyethubutu kuoka hata kiazi pale.

Nyanzobe alikuja mbele. Alikuwa mwembamba, ana bangili za shaba hadi kwenye viwiko. Alimwona Mbasa, akainamisha kichwa. "Karibu tena, mgeni wetu. Umekonda."

"Nimekonda kweli, mama," alisema Mbasa kwa huzuni.

"Mwanangwa," alisema Nkingwa, "tangu lini mmezima?"

"Siku mbili sasa. Tuliona mikuki kilimani, na mjumbe wa Shigela akatuambia moto uko njiani na moshi wetu unangojwa leo. Sisi hatukumkataa Mtemi, mzee wangu. Tulimrudisha mgeni aliyekalia kiti kisicho chake. Moto tunautaka. Tupe, watoto wanatetemeka."

Nkingwa alifunua chungu.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Kisha mzee mmoja aliingiza mkono, akautoa ukiwa na tope. Kelele zilipanda.

"Ni hila hiyo! Wametuletea maji ili moshi usitoke!"

"Wanataka Shigela ashuke!"

"Mfungeni!"

Walimfunga mikono kwa kamba ya katani, naye hakupinga. Nyanzobe aliwanyamazisha kwa kuinua bangili zake.

"Eleza," alisema.

"Ulizimika mtoni. Mimi ndiye niliyeubeba, na kosa ni langu. Na kosa lililotangulia hilo ni langu pia. Kiapo chenu nakijua. Mtemi alipokivunja, aliuliza kama kuna mwenye neno, nami nikanyamaza."

"Aliyeteleza ni mimi!" alipaza sauti Mbasa. "Mzee huyu alikuwa ameukinga. Mfungeni mtu sahihi." Akanyoosha mikono yake, naye mwenyewe akaonekana kushangaa kwamba amesema hivyo.

Nyanzobe alitazama jua. "Tukikaa hivi, mikuki inashuka. Tukiwasha wenyewe, tumejitenga, na mikuki itashuka kesho badala ya leo. Sasa wewe, mtu wa ikulu, unatuambia tufanye nini?"

Ndipo Nkingwa alipopiga magoti, mikono ikiwa bado imefungwa. Kwa miaka yote mtu wa ikulu alifika Ilomero akiwa amesimama.

"Sikuja kuwaambia. Nimekuja kuomba. Mimi ni mkono wa Mtemi katika jambo hili, na mkono wa Mtemi umefika mtupu. Mpeni Mtemi moto. Utieni katika chungu chake, kutoka kwenye tanuri, kwa ridhaa yenu. Ukiwa ndani ya chungu chake ni wake, nami nitawagawia kutoka humo. Utakaobaki nitaurudisha ikulu, nimwambie mbele ya baraza ulikotoka."

"Atakuua," alisema mzee aliyekuwa na tope mkononi.

"Inawezekana."

Nyanzobe aliinama, akafungua kamba mwenyewe. "Leteni chungu."

Walikausha chungu kwa majani, wakakitia majivu mapya. Mkuu wa wafua chuma alitoa kaa moja kubwa, jeupe kwa joto, akaliweka ndani. Nkingwa aligawa kaa kwa kaa, nyumba hadi nyumba, akikimbia kwa miguu yake ya uzee, na Mbasa mbele yake akipiga kelele, "Nyasi kavu! Nani ana nyasi kavu? Pulizeni, jamani!" Jua lilipofika utosini moshi ulikuwa ukipanda katika kila paa, mwembamba, wa buluu, umenyooka. Juu ya Ngwala mikuki ilibaki ilipokuwa.

Aliporudi ikulu, Nkingwa aliweka chungu mbele ya Mtemi na kusema yote, bila kuficha. Shigela na Mbasa walisimama pembeni.

Mtemi aliuliza jambo moja. "Walikaa siku ngapi bila moto?"

"Mbili, Mtemi. Na watoto wakila unga wa maji baridi."

"Wakinisubiri mimi?"

"Wakikusubiri wewe."

"Na siku ile nilipouliza, mbona hukusema?"

"Nilikuogopa."

"Sasa?"

"Bado nakuogopa. Lakini nimeona watu waliozima moto wao kwa kukuamini."

Kaswende alifunika uso kwa kiganja. Alipokiondoa, alisimama, akaenda mwenyewe kwenye meko kuu ya ikulu, akaumwagia moto wake maji. Kisha akatia humo makaa ya Ilomero, akapuliza mpaka yakashika.

"Nyanzobe ni mwanangwa," alisema. "Kiapo cha babu yangu kiko palepale, na boma langu litasubiri wagonjwa wapone. Ila wewe, Nkingwa, sheria unaijua. Mtunza moto akiuacha moto wa utemi uzimike mikononi mwake, hakai tena barazani. Nimevunja neno moja mwaka huu, na tazama lilikotufikisha. Silivunji la pili, hata kwa kukupenda."

"Umesema sawa, Mtemi," alijibu Nkingwa, na alikuwa ametulia. Shigela, aliyetaka vita, ndiye aliyeinua kigoda cha mzee, akakibeba mwenyewe hadi langoni, na hapo akampa kwa mikono miwili.

Nkingwa alihamia Ilomero, akaishi karibu na tanuri miaka sita, akiomba kila asubuhi kabla ya kula. Waimbaji wa ikulu walimsifu Kaswende kuwa mtemi mwenye hekima aliyetuliza nchi bila damu, nayo ni kweli. Jina la mtunza moto halimo katika nyimbo zao.

Lakini Ilomero, vizazi vingi baadaye, moto mpya ulipoletwa, mbebaji hakuufunua mara moja. Alipiga magoti kwanza, mikono mbele kana kwamba imefungwa, na mwanamke mzee kuliko wote alinyunyiza matone machache ya maji juu ya kifuniko cha chungu. Watoto wakiuliza kwa nini, waliambiwa ndivyo moto unavyopokewa. Kisha kifuniko kiliondolewa, na kila nyumba ilikuja na nyasi zake kavu.