Lori la Kwenda Jana

Kila siku kengele ya chakula cha mchana ilipolia, Wawira wa darasa la saba alikuwa nje kabla mlio haujaisha. Miguu yake haikujua kutulia. Hata wakati wa maombi ya asubuhi ilicheza peke yake, na Mwalimu Kivuti alikwisha kumwandikia mama yake barua mbili kuhusu miguu hiyo.

Jumatatu ndiyo alikuwa na kazi nzito ya kulijenga taifa: kusimulia kipindi cha runinga cha Jumapili. Kiliitwa Mlango wa Karne. Watoto wawili waliingia kwenye lifti, wakabonyeza kitufe, wakatokea mbele ya Mansa Musa wa Mali na ngamia wake, au ndani ya jumba la malkia wa Misri. Katika kijiji chao, nje kidogo ya Kianjokoma, runinga hazikuwa nyingi. Wawira alisikilizwa kuliko mwalimu yeyote.

Lakini kusimulia kukamchosha. Kando ya shamba la majani chai la shule palikuwa na kichwa cha lori kuukuu, kisicho na magurudumu wala injini. Muhula wa pili, Wawira akakitangaza kuwa chombo cha kusafiria karne. Nauli ilikuwa yai la kuchemsha au kiazi kitamu.

"Abiria afumbe macho!" aliamuru, akitikisa mlango na kupiga boneti kwa fimbo. Nyuma ya lori, rafiki yake Ngari akanguruma, "Nani huyo amekanyaga zulia langu kabla ya kunawa miguu?" Huyo ndiye malkia wa Misri. Watoto wa madarasa ya chini walishuka wakiapa kwamba wameona ngamia.

"Malkia ana sauti ya fisi leo," Wawira alimnong'oneza.

"Malkia hajala," Ngari akajibu. "Lete yai."

Siku moja ya Julai, yenye ukungu na baridi kali, alikuja Rwamba wa darasa la pili. Alibeba mkebe mzima wa githeri ya mahindi na maharagwe.

"Nipeleke Aprili," alisema.

"Aprili ya karne gani, abiria?"

"Aprili hii iliyopita. Kabla cucu, mama yake baba, hajafa."

Ngari akacheka nyuma ya lori. Wawira hakucheka.

"Mimi nina jina la cucu," Rwamba akaeleza. "Kwa hivyo baba alikuwa ananiita mama. Tulipomzika cucu akaacha. Sasa ananiita Rwamba tu, kama mtoto wa jirani. Nikimrudisha cucu, ataniita mama tena."

Hapo Wawira angeweza kusema kweli. Akasema, "Petroli imeisha. Rudi kesho." Na mkono wake, kwa mazoea, ukaupokea mkebe.

Githeri aliila yote, akarudi darasani. Miguu ilipiga dawati mpaka Mwalimu Kivuti akamuuliza kama anakimbia kwenda mahali.

Kesho yake, alipomwona Rwamba akija na mkebe mwingine na sweta kuukuu la cucu, akiwaambia wenzake, "Asisikie baridi njiani," Wawira alijificha chooni. Kengele ya kurudi darasani ikalia. Baada ya muda akasikia walimu wakiita, "Rwamba! Rwamba!"

Walimpata kwenye lori, Wawira na Ngari wakiwafuata nyuma. Alikuwa amefunga mlango kwa ndani na kupandisha kioo. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Shuka, mtoto," Mwalimu Kivuti alibembeleza.

"Nikishuka litaniacha!"

Mtoto alikuwa anatetemeka, na mkebe ulikuwa haujafunguliwa. Alikuwa ametunza nauli. Mtu akatumwa ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha kupimia majani chai, kumwita Ndambiri, baba yake.

"Nani amemdanganya mtoto huyu?" mwalimu akauliza.

Ngari alitazama viatu vyake. Wawira naye angeweza kutazama vyake. Lakini aliukaribia mlango, akabandika uso kwenye kioo.

"Rwamba, halitaenda. Halina injini. Nilikudanganya ili nile githeri yako."

"Na malkia?"

"Malkia ni Ngari."

"Na wale wa runinga?"

"Wale ni waigizaji. Huvaa nguo za zamani, jioni wanarudi kwao."

Rwamba akalikumbatia sweta la cucu. "Kwa hivyo cucu haji?"

"Haji, Rwamba. Nisamehe."

Kilio kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Ndambiri akafika mbio, majani ya chai yakiwa bado yameng'ang'ania aproni yake. Wawira alimweleza yote, hata lile la jina. Mtu mzima yule akausogelea mlango. Kisha akagonga kioo kwa kidole kimoja.

"Mama," akaita. "Fungulia mwanao, ninalowa."

Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka.

"Niliacha kwa sababu kila nikiita nilidhani yeye ataitika," Ndambiri alimwambia, akimfunika kwa sweta. "Nilikosea. Jina lake lipo kwako."

Walipoondoka, Mwalimu Kivuti aliwageukia wasafiri wawili wa karne. Adhabu ilikuwa fupi: kwa majuma mawili, chakula chao cha mchana kingegawanywa kwa wote waliowahi kutozwa nauli, na Rwamba angekuwa wa kwanza.

"Na kipindi, mwalimu?" Wawira akauliza polepole. "Nisikisimulie tena?"

"Kisimulie," mwalimu akajibu. "Hadithi si uongo, Wawira, maadamu msikilizaji anajua ni hadithi. Inageuka wizi pale unapojua mtu ameamini, na ukaendelea kula chakula chake. Leo ulisema kweli ukiwa umechelewa, lakini uliisema kabla ya kulazimishwa. Kesho uiseme mapema zaidi."

Wawira akaitikia kwa kichwa, akaenda kuwaomba msamaha watoto wa darasa la pili, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa arobaini na wanne.