Punje Tisini za Bibi Febronia

Kila Jumamosi, akishateka maji na kufagia banda la kuku, Elieth wa darasa la sita alikwenda shuleni kwao Tinde kutumia kompyuta. Mwalimu Donatus alimruhusu kwa kazi moja: kuandaa orodha ya chanjo ya kideri kwa kikundi cha wafugaji cha mama yake. Mwaka uliotangulia ugonjwa huo ulimaliza mabanda mazima, na kuku walipaswa kuchanjwa kila baada ya siku tisini.

Mwezi Mei, Elieth aliandika tarehe za chanjo iliyopita kwenye safu B, na 90 kwenye kisanduku E1. Katika mstari wa mama yake akaandika =B2+E1. Tarehe 5 Machi ikazaa 3 Juni, sawasawa kabisa. Akaiburuta fomula hadi chini, na hapo mistari mingine yote ikarudia tarehe zilezile za Machi. Aliliona hilo. Lakini kikundi kizima kilikwisha kumsifu, na kusema "sijui" kulimwia vigumu. Akajipa moyo kwamba kompyuta haikosei, akagawa karatasi.

Tarehe 6 Juni, kuku wa mama yake wakiwa wamekwisha kuchanjwa, Bibi Febronia, jirani yao, alikuja na kibuyu. Tangu siku iliyofuata chanjo alikuwa akitia humo punje moja ya mahindi kila asubuhi. Elieth akamwamkia, Bibi akaitikia na kukaa.

"Mjukuu wangu, punje zangu zimefika themanini na nane. Karatasi yako inasema siku yangu ilipita Machi. Nani mkweli?"

Elieth angeweza kuisingizia mashine.

"Punje zako, Bibi. Niliona kosa nikanyamaza."

Bibi hakumgombeza. Alimshika mkono wakaenda kwa Mwalimu Donatus.

"Ukiandika E1 tu," mwalimu alieleza, "ni kama kusema 'nyumba ya jirani'. Ukihama, jirani naye anabadilika. Mstari uliofuata ulitafuta E2, nako ni kutupu. Andika $E$1, ndipo kompyuta itarudi nyumba ileile daima."

Elieth akarekebisha. Kwa Bibi ikatokea 8 Juni, keshokutwa. Akazunguka nyumba kwa nyumba na karatasi mpya, akiomba radhi.

Mwishoni mwa Juni kideri kiliingia kijiji jirani. Katika kikundi hakufa hata kifaranga. Elieth alikwenda kwa Bibi kumshukuru kwa Kisukuma.

"Wabeja, Bibi. Bila punje zako ningewaponza watu."

"Wabeja nawe," Bibi alisema. "Punje zangu zinajua siku za kuku wangu tu. Karatasi yako inajua za wote, mradi mwenye kuiandika aseme kweli. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kuona kosa ukalifunika."

Kisha akampa kibuyu kingine, chenye punje moja tu ndani, aanze hesabu yake mwenyewe.